Mapigo Ndani ya Chumba cha Chuma

Kompyuta mpakato ile ilikuwa nzito kama tofali, na kila Subilaga Mwakisisile, fundi wa mtandao wa hospitali, alipoiwasha ilivuma kwanza, feni ikakohoa, ndipo kioo kikakubali kupata mwanga. Jina la mtandao lilikuwa pale chini, wazi kabisa: MAPIGO. Aliandika nenosiri herufi moja moja. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maneno yaleyale yaliyokuwa yakimchosha tangu asubuhi.

Imeshindikana kuunganisha.

"Imekataa tena?" aliuliza Daktari Mwaijande kutoka upande wa pili wa kitanda.

"Inaiona ruta, na ruta inaiona. Hawaelewani tu."

"Mnaongea kama mafundi redio," alisema mgonjwa. "Niambieni kwa lugha ya watu. Napona au nazikwa?"

Mgonjwa huyo alikuwa Andongwisye, mama Tumpe kwa wanaomjua, dereva wa greda aliyefungua barabara za Masukila kila mvua ilipoangusha mlima. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuwaita watu walio ng'ambo ya bonde, lakini siku hiyo sauti ilitoka kwa mafungu, kama maji ya bomba linalokatika. Moyo wake ulikuwa wa kutengenezwa, kama mioyo ya watu wengine zaidi ya mia mbili pale mjini. Miaka mingi nyuma, homa ilipita kwenye milima ile ikala misuli ya mioyo ya watu, na waliopona walipona kwa sababu walipewa mioyo mingine. Tangu hapo hospitali iliwalinda kwa mtandao. Antena za Mapigo zilikaa juu ya nguzo za taa, juu ya mapaa, hata juu ya mnara wa kanisa, na popote alipokwenda mwenye moyo, mtandao ulimfuata ukisikiliza.

Juma lililopita radi ilipiga nguzo iliyo mbele ya nyumba ya mama Tumpe. Yeye hakuungua hata unywele, lakini moyo wake uliingia katika hali ya tahadhari na kukataa kutoka. Ulipiga polepole, na kila siku polepole zaidi, ukijibania nguvu kama mtu anayepima mafuta ya taa. Sasa hakuweza kufika mlangoni bila kushikwa mkono.

"Mama, dawa ya moyo wako iko ndani ya hiki chombo," Subilaga alimwambia, akiipiga kompyuta kofi dogo la mgongoni. "Mioyo yenu inapokea amri kubwa kutoka kwa muhuri wa watengenezaji peke yake. Watengenezaji walifunga kampuni wakaondoka, wakaacha mashine hii moja stoo. Muhuri umechomelewa ndani yake. Hauhamishiki, haunakiliki. Lazima yenyewe iongee na moyo wako."

"Basi si iongee?"

"Haina lugha. Unakumbuka walivyoteka mioyo ya watu kule ziwani?"

Mama Tumpe alifumba macho. Nani asiyekumbuka? Wahalifu walivunja kufuli ya mtandao wa mji mmoja wa ziwani, wakaishika mioyo ya watu mchana kutwa wakidai fidia.

"Baada ya hapo tulibadilisha usimbaji wote," Subilaga aliendelea. "Kila neno linalopita hewani kati ya moyo wako na antena sasa linafungwa kwa kufuli mpya, na hakuna aliyewahi kuivunja. Kompyuta hii ilitengenezwa kabla ya kufuli hiyo kuwepo. Inajua ile ya zamani tu, ile iliyovunjwa."

Alikuwa amejaribu kila kitu. Tundu la waya wa mtandao lilikuwa limekufa kitambo. Kila kifaa kipya cha waifai alichochomeka ubavuni, kompyuta ilikikodolea macho bila kukitambua. Alikuwa amefuta mtandao kwenye kumbukumbu yake akaanza upya, akasafisha programu ya antena, akairudisha. Jibu halikubadilika.

Daktari Mwaijande alimwashiria watoke nje. Kwenye korido alisimama karibu na dirisha, mikono mifukoni. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukimtesa wakati huo.

"Kuna ile hali mchanganyiko," alisema.

"Ipo."

"Unabadilisha mipangilio, mtandao unakubali kufuli mpya na ya zamani kwa pamoja. Kompyuta inaingia, tunauamsha moyo, unafunga. Dakika kumi?"

"Labda kumi na tano. Na kwa dakika hizo mioyo yote ya mji inakuwa nyuma ya mlango wa mbao, Daktari. Mwenye nia mbaya akiwa anasikiliza, anaingia."

"Na kama hakuna anayesikiliza?"

"Kule ziwani nao walidhani hivyo."

Daktari alitazama nje. "Hatafika Jumapili, Subi. Nakwambia kama nilivyoona."

Mlango wa wodi ulikuwa wazi nusu. Sauti ya mama Tumpe ikawafikia, nyembamba lakini yenye amri yake ileile. "Nawasikia! Mioyo hiyo ina wenyewe. Nendeni mkawaulize wenyewe."

*

Wenyewe walikusanyika saa nane mchana katika ukumbi wa soko, katikati ya harufu ya ndizi na viazi. Subilaga alisimama mbele yao bila kipaza sauti. Hakupamba. Aliwaeleza hali ya mama Tumpe, akaeleza kufuli mbili, akaeleza hatari. Alipofika kwenye hatari alirudia mara mbili, kwa sababu aliona nyuso zimeshaanza kukubali kabla hajamaliza.

"Huyu ndiye aliyemtoa mwanangu kwenye tope na greda lake," alisema mama mmoja, akisimama. "Wangu ufungueni hata saa nzima."

"Na wangu!" walijibu wengine. Mikono ikapanda safu kwa safu, na kwa muda Subilaga aliona macho yake yanalowa.

Mkono mmoja ulibaki chini. Mwenye mkono huo alikuwa Mzee Kasyupa, meneja wa kituo cha kupozea maziwa, mtu mrefu mkimya aliyevaa koti la mvua hata ndani ya nyumba. Alisubiri kelele zipungue.

"Mimi sikubali," alisema.

Watu waliguna. Kuna aliyepiga mluzi wa dharau.

"Mke wangu, Ndimbumi, alikuwa ziwani siku ile, kwa dada yake, na hakurudi," Mzee Kasyupa aliendelea bila kupandisha sauti. "Mnajua waliwezaje kuingia? Mafundi walifungua mtandao kidogo. Matengenezo. Walisema dakika chache. Mimi nampenda mama Tumpe kama ninyi. Lakini mnaniuliza kama nakubali, na jibu langu ni hapana. Kama jibu lisingekuwa na kazi, msingeniuliza."

Akakaa. Ukumbi ukalipuka kwa maneno, na hakuna hata moja lililomfanya ainue uso.

*

"Mtu mmoja," alisema Daktari Mwaijande. Walikuwa wamerudi kwenye chumba cha mitambo, na ukurasa wa mipangilio ulikuwa umefunguka mbele ya Subilaga. "Mtu mmoja dhidi ya mji mzima. Na hatajua. Ukifungua sasa hivi, nani atamwambia?"

Hilo ndilo lililomtisha Subilaga: kwamba ilikuwa rahisi. Kisanduku kidogo, alama ya vema, kwisha. Alimwona mama Tumpe akiinuka kitandani. Alisikia vigelegele. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na moyo wake mwenyewe, wa kuzaliwa nao, ulimdunda hadi masikioni.

"Nitajua mimi," alisema mwishowe. "Kila siku nawaambia watu hawa kwamba moyo uliomo kifuani mwao ni wao, kwamba hapa hakuna anayeugusa bila ruhusa yao. Nikifungua leo, itakuwa nilikuwa natania."

"Na yule anayekufa kule ndani? Yeye moyo si wake?"

Subilaga alifunga ukurasa, akachukua koti lake. Swali lile lilimfuata njiani kote, na hadi leo husema kwamba Daktari alikuwa na haki ya kuliuliza.

Hakwenda kwa Mzee Kasyupa kumbembeleza. Alikwenda kwa sababu hakujua pengine pa kwenda, na kwa sababu aliona aibu kwa ule mluzi uliopigwa ukumbini. Kituo cha maziwa kilikuwa ukingoni mwa mji. Mfanyakazi mmoja alimwelekeza kwenye chumba cha baridi, na humo alimkuta mzee akikagua mabomba, pumzi yake ikitoka kama moshi.

"Funga mlango, binti, baridi inatoka," alisema bila kugeuka.

Mlango ulikuwa mnene kama ukuta. Subilaga aliuvuta, ukajifunga kwa mlio mzito, na papo hapo bangili ya kazi mkononi mwake ikatetema. Bangili hiyo ilimwonyesha hali ya Mapigo usiku na mchana, popote alipo. Sasa kioo chake kidogo kilikuwa kitupu.

*Hakuna mtandao.*

Alifungua mlango. Mtandao ukarudi. Akaufunga. Ukapotea.

"Unacheza na mlango wangu?" Mzee Kasyupa sasa alikuwa amegeuka.

"Mzee, kuta hizi zina nini?"

"Chuma. Chini, juu, pande zote. Chuma cha pua ndani, chuma nje. Humu hata redio haishiki. Mimi mwenyewe sikai zaidi ya dakika chache, maana moyo wangu nao haupendi kukosa mtandao."

Subilaga alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani iliyo usoni. Kilichokuwa kikimzuia siku nzima ni kwamba ruta ya hali mchanganyiko haiwezi kufichwa. Ukiiwasha popote mjini ikiwa na jina la Mapigo na ufunguo wa Mapigo, mioyo yote iliyo karibu itaikimbilia, kwa kuwa ndivyo ilivyofundishwa, na mtu aliye nje barabarani ataisikia. Lakini mawimbi hayapenyi chuma. Ruta ikiwa humu ndani, ingeongea kufuli mpya na moyo mmoja, na kufuli ya zamani na kompyuta moja, ikakaa katikati yao kama mkalimani. Dunia nzima isingesikia neno.

Alimweleza mzee, akijikwaa kwa haraka. Mzee Kasyupa alisikiliza hadi mwisho.

"Moyo wangu hautaguswa?"

"Si wako wala wa mtu mwingine. Wa mama Tumpe peke yake, na kwa ridhaa yake."

Mzee alitoka nje akaanza kuwaita watu wake wahamishe maziwa.

*

Waliingia watatu: mama Tumpe kwenye kiti cha magurudumu akiwa amezungushiwa blanketi mbili, Daktari Mwaijande na mashine yake ya kushtua moyo, na Subilaga na kompyuta yake. Mashine za baridi zilizimwa, lakini kuta bado ziling'ata. Nje, nusu ya mji ilikuwa imejaa uwanjani.

"Mlango ukifungwa," Daktari alimwambia mgonjwa, "Mapigo hayatakusikia. Moyo ukisita, hakuna cha kuushtua isipokuwa mikono yangu."

"Mikono yako naijua. Fungeni."

Mlango ulifungwa. Bangili ikatetema na kunyamaza. Subilaga aliwasha ruta ndogo aliyoiweka juu ya ndoo, akachagua hali mchanganyiko. Taa ya kwanza iliwaka kijani: moyo wa mama Tumpe ulikuwa umeikubali. Akageukia kompyuta. Jina likatokea. Nenosiri. Kiduara.

Imeshindikana kuunganisha.

"Subi," alisema Daktari, taratibu sana.

"Subiri." Alikagua swichi ya antena ubavuni, ilikuwa imewashwa. Alikagua herufi kubwa na ndogo. Kisha akaona: kompyuta ilikuwa bado inakumbuka Mapigo ya hospitali na kujaribu kuongea nayo kwa namna ileile iliyokataliwa. Akaufuta mtandao kwenye kumbukumbu, akauandika upya kwa mkono, akaiambia waziwazi itumie usimbaji wa zamani. Kiduara kikazunguka mara mbili tu.

*Imeunganishwa.*

Alipiga kelele ya furaha ikagonga chuma ikarudi. Mama Tumpe akatabasamu bila kufumbua macho. Subilaga alifungua programu ya watengenezaji, akauita moyo, na moyo ukajibu kwa maandishi mekundu.

Hati ya moyo huu haikubaliki.

"Haikubaliki vipi?" aliuliza Daktari. "Umesema wameungana!"

"Wameungana. Lakini hawaaminiani." Vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kila moyo ulibeba hati yake, kitambulisho kinachosema umetengenezwa lini na unatambulika hadi lini. Hati hii ilikuwa nzima. Hospitali ilikuwa imeihuisha mwaka huo huo. Kwa nini kompyuta iikatae?

"Mapigo yanashuka," alisema Daktari. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mama Tumpe. "Mama, zungumza nami. Mama Tumpe!"

"Nipo," alijibu, kwa mbali. "Mwambie Subilaga asikimbie. Kwenye tope, anayekimbia ndiye anayezama."

Subilaga alivuta pumzi. Akaacha kubonyeza, akaitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama mtoto anayelia, akitafuta kinachouma. Na pale pembeni, kwa tarakimu ndogo zisizotazamwa na mtu, akaona tarehe.

Kompyuta ilidhani ni mwaka iliotoka kiwandani. Betri ndogo inayoitunzia saa ilikuwa imekufa stoo, na tangu hapo kila ilipowashwa ilianza siku yake ya kwanza duniani. Kwa hesabu yake, moyo wa mama Tumpe ulikuwa haujatengenezwa. Hati ile ilitoka katika siku ambazo hazijafika, na kompyuta yoyote mwaminifu ingeikataa.

"Daktari, saa yako! Ni saa ngapi? Leo tarehe ngapi?"

Mwaijande alimtajia kwa sauti, mkono mmoja kwenye mshipa wa mgonjwa, mwingine ukitayarisha mashine ya kushtua. Subilaga aliandika mwaka, akaandika mwezi, siku, saa. Akathibitisha. Akauita moyo tena.

Maandishi mekundu hayakutokea. Yalitokea ya kijani, na chini yake swali moja: *Ondoa hali ya tahadhari?*

"Mama Tumpe," Subilaga alisema, akapiga magoti mbele ya kiti ili waonane uso kwa uso. "Moyo ni wako. Niubonyeze?"

Macho yalifunguka. "Bonyeza, mwanangu."

Akabonyeza.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha Daktari Mwaijande akakaza vidole kwenye ule mshipa, akakunja uso, na uso ukaanza kukunjuka wenyewe. "Unapanda," alinong'ona. "Unapanda. Subi, unapanda!" Rangi ilirudi kwenye midomo ya mama Tumpe kama mtu anayeamka kwenye usingizi wa mchana. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu tangu radi, akaitoa, akavuta nyingine. Halafu akatupa blanketi moja sakafuni, na la pili.

"Hiki kijumba kina baridi," alisema, na ilikuwa ile sauti ya ng'ambo ya bonde. "Mlitaka kuniua?"

Subilaga alicheka na kulia kwa pamoja. Kabla ya kugusa mlango alizima ruta, akahakikisha taa zake zote zimelala. Ndipo akagonga chuma kwa ngumi.

Mzee Kasyupa ndiye aliyefungua. Mwanga wa jioni uliingia, pamoja na uso wake mrefu uliojaa hofu. Mama Tumpe aliinuka kutoka kwenye kiti, akamsogelea kwa miguu yake mwenyewe, akamshika mikono yote miwili.

"Wamekutukana kwa ajili yangu," alimwambia mbele ya watu wote.

"Hayo yamepita, mama."

"Hayajapita mpaka niseme. Ungekubali, ningepona huku nimewaweka wenzangu rehani, na ningeishi nalo. Umeninyima hilo. Ndaga, ndaga fijo, asante sana."

Mzee aliitikisa ile mikono. Ndipo mama mmoja akapiga kigelegele, cha pili kikadakia, na uwanja mzima ukafumka. Watu walikumbatiana, walimkumbatia meneja na koti lake la mvua. Yule aliyepiga mluzi ukumbini alikuja mbele akaomba radhi, akapewa.

Bangili ya Subilaga ilitetema. Mtandao ulikuwa umerudi, na kwenye kioo kidogo mioyo ya Masukila ilikuwa ikijitokeza mmoja baada ya mwingine, yote inakwenda mbio, na king'ora cha hatari kikaanza kulia kana kwamba mji umevamiwa. Daktari Mwaijande aliinama kutazama, uso ukamkunjamana kwa wasiwasi.

"Nini tena?"

Subilaga alimgeuzia bangili, kisha akamwonyesha uwanja, watu wanavyoruka.

"Hakuna kitu," alisema. "Wamefurahi."

Akakizima king'ora, akaingia katikati yao.